Kifutu hakimbii: jinsi nilivyoanza kuutembea msitu wa Arabuko-Sokoke

Ukitoka Malindi kwenda Mombasa kwa matatu, ukishapita Gede msitu wa Arabuko-Sokoke unakuwa mkono wako wa kulia, miti mitupu kwa kilomita nyingi. Nimeupita hivyo tangu utotoni bila kuteremka. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kutazama ndege wa msitu huu, na mimi ninayekaa chini ya nusu saa kutoka langoni sikuwa nimewahi kutia mguu ndani. Sababu ni nyoka, basi.

Na woga wangu haukuwa wa kuhadithiwa. Nimekulia kwenye mikorosho, na msimu ukifika watoto tulikuwa haturuhusiwi kupanda mti mpaka mtu mzima auzunguke na kuyatazama matawi yote, kwa ajili ya yule nyoka wa kijani kibichi anayependa mikorosho na miembe. Jirani yetu aliumwa na kifutu akiokota kuni. Hakufa, lakini mguu wake haukurudi ulivyokuwa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikuwahi kuumwa, na ung'ongo ulinitosha kunirusha.

Aliyenitoa nyumbani ni binti wa dadangu, aliyekuja kukaa kwangu asome sekondari. Shuleni kwao kuna chama cha wanyamapori, na alikuwa amesikia habari za sange wa makalio ya dhahabu, mnyama wa nusu kilo hivi mwenye pua ndefu kama mkonga, ambaye dunia nzima karibu hapatikani ila kwenye msitu huu na vichaka vichache jirani. "Mama mdogo, yuko hapo nyuma ya Gede tu, na sisi hatujamwona!" Akaniganda hivyo muhula mzima.

Nikaamua kwamba kama ni kwenda, kwanza nimjue ninayemwogopa. Watamu kuna Bio-Ken, shamba la nyoka lililoanzishwa na mtaalamu wa nyoka James Ashe mwaka 1980. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa jina la Ashe swila mmoja wa huku kwetu pwani, Naja ashei, ambaye ni mkubwa kuliko swila wote watemao sumu duniani na hupita mita 2. Nilikaa mbele ya kioo chake muda mrefu nikijizoeza kumtazama bila kutaka kukimbia. Lakini kilichonifaa zaidi kilikuwa kwenye kizimba cha vifutu. Mhudumu alituuliza tunaona wangapi. Nikasema wawili, mtoto akasema watatu. Yule bwana akacheka, akaanza kutuonyesha kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, na kila alipoonyesha, jani likageuka nyoka. Mmoja alikuwa amelala karibu kabisa na kioo, mbele ya goti langu.

Hapo ndipo bwana huyo alipotuambia jambo ambalo limekuwa msingi wa matembezi yangu yote. Nyoka wengi wanakukimbia. Koboko, pamoja na sifa zake zote mbaya, akihisi mtikisiko wa nyayo zako ardhini ameshaondoka kabla hujafika, mradi ana pa kupitia. Swila naye hivyo hivyo. Chatu hana haja nawe. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe na wengine moma, ndiye asiyekimbia. Yeye amepewa rangi ya majani makavu na mchanga, na anaitegemea rangi hiyo kuliko mwili wake mzito. Unakuja ukipiga makelele, naye ametulia tu akingoja upite. Ukimkanyaga, anauma.

Kwangu hilo lilikuwa punguzo kubwa la mzigo. Nilikuwa nimeingia pale nikiogopa nyoka wote wa pwani kwa pamoja, juu mitini, chini, mbele na nyuma. Nikatoka nikiwa na nyoka mmoja wa kushughulika naye, na mahali pamoja pa kumtafuta: pale ninapotaka kuweka mguu.

Matembezi ya kwanza tuliyafanya kwenye magofu ya Gede, ambako kuna vijia vilivyofagiliwa na kima wanaokudokolea ndizi. Pale nilijifunza kutotia mkono kwenye matundu ya kuta za mawe wala kuketi juu ya ukuta bila kuutazama. Baadaye ndipo tukaenda msituni, tukiwa na kiongozi, mzee wa Kigiriama aliyezaliwa kando ya msitu huo. Sitaki kumdanganya mtu: bila yeye nisingeingia. Mtu anayesema anaweza kuutembea msitu huu peke yake mara ya kwanza, mwache aende, mimi simo.

Mzee alitukagua miguu kabla ya lolote. Mimi nilivaa buti za ngozi zinazopita kifundo cha mguu na suruali nene iliyopwaya, mtoto alivaa gambuti. Akaridhika. Viatu hivyo si urembo. Mtu anayekanyaga nyoka huumwa zaidi kwenye wayo, kifundo au ugoko. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sumu ya nyoka, na wengi wao ni wakulima, wachungaji na watoto wa vijijini, mara nyingi wakiwa peku au na ndara. Anayevaa buti akafuata kijia asubuhi kwa starehe zake yuko katika hali nyingine kabisa, na nikiwaza hivyo najisikia nafuu na aibu kwa wakati mmoja.

Kisha akapanga safu. Yeye mbele na fimbo, mtoto katikati, mimi nyuma. "Mwalimu," akaniambia, "gogo halirukwi. Panda juu yake, simama, tazama upande wa pili, kisha shuka. Anayeruka gogo haoni anapotua." Kutazama ndege na kutembea navyo havichanganywi: ukitaka kuinua macho juu, simama kwanza. Hii ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu ndege hawangoji.

Tulianza na sehemu ya miti ya mirihi, na nashauri kila mwenye woga kama wangu aanzie huko. Msitu huu una sura tatu. Kuna msitu wa mchanganyiko, wenye kiza na majani mengi chini. Kuna vichaka vya udongo mwekundu upande wa magharibi, vilivyosongamana. Na kuna mirihi, inayoota juu ya mchanga mweupe, miti imeachana, jua linafika chini na macho yanafika mbali. Mchanga ule unaandika kila kitu kilichopita usiku. Mzee alisimama mahali akauchora kwa ncha ya fimbo bila kuugusa: alama ya mkia na tumbo ikikata kijia, imenyooka karibu kama ya rula. Kifutu, akasema. Nyoka mwingine angepinda kushoto na kulia, lakini huyu mzito akiwa hana haraka hujivuta kwa tumbo moja kwa moja. Tukaifuata kwa macho mpaka ilipoishia kwenye majani. Mimi nilitaka turudi. Mzee alitaka tuendelee, kwa sababu, kama alivyosema, sasa tunajua alielekea wapi, na sisi hatuelekei huko.

Tuliyemwona kwa macho alikuwa siku nyingine, asubuhi baada ya mvua ya usiku, wakati jua limeanza kupasha kijia. Mzee aliinua mkono tukasimama. Akaonyesha chini ya ukingo wa kijia, hatua tatu hivi mbele yake, nami nikaona majani. Akaonyesha tena. Majani. Mtoto akamwona kabla yangu, nikasikia akivuta pumzi. Ndipo michirizi ya manjano iliyochongoka kama mishale, mmoja nyuma ya mwingine kwenye mgongo wa kahawia, ilipojitenga na majani, na kichwa kipana kikatokea kando yake kikiwa kimelala chini, shingo nyembamba imejikunja nyuma yake tayari. Alikuwa mnene kama mkono wa mtu. Mzee aligonga chini kwa fimbo akiwa mbali, ili tusikie. Kifutu akajitutumua na kufoka, sauti ndefu ya gurudumu la baiskeli linalotolewa upepo. Hakusogea hata kidogo. Tulirudi nyuma taratibu, tukamzunguka upande wa pili kwa nafasi kubwa, tukaendelea na safari. Mzee hakumpiga wala hakutaka kumwondoa. Wako wanaoumwa, alituambia, wakijaribu kumuua.

Nilidhani siku hiyo ningeshindwa kulala. Nililala vizuri. Mnyama niliyemwogopa maisha yangu yote alikuwa amefanya sawasawa na nilivyoambiwa atafanya.

Sange tulimpata kwa masikio kwanza. Anapekua majani makavu mchana kutafuta wadudu, na kishindo chake ni kikubwa kuliko mwili wake. Kisha akaruka mbele yetu, tukaona lile doa la dhahabu likiyoyoma kwenye kiza. Mtoto alinishika mkono nusura anivunje.

Nyumbani tulikuwa tumefanya na mazoezi ya dharura, jambo ambalo dadangu aliliona la kichaa. Mtoto alilala kwenye mkeka akijifanya ameumwa, akipiga kelele zaidi ya ilivyohitajika. Kazi yangu: kumtuliza asitembee wala kukimbia, kumvua bangili na kiatu kabla mguu haujavimba, kuukaza mguu kwa rula mbili na leso ili usichezecheze, kisha kupiga simu ya gari. Hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, na hakuna kufunga kamba ya kukata damu, kwa sababu sumu ya kifutu huharibu nyama, na ukiikatia mguu damu unaiongezea kazi. Sumu ya swila ikiingia machoni, ni kusafisha kwa maji mengi papo hapo, ndiyo maana chupa moja ya maji yangu hainyweki mpaka tutoke msituni. Shangazi yangu ana jiwe jeusi la nyoka, linalobandikwa kwenye jeraha, na ana hadithi za waliopona. Sibishani naye. Nyoka wengi hawana sumu ya kuua, na hata wenye sumu wakati mwingine huuma bila kuitoa, kwa hiyo jiwe lina nafasi nyingi za kusifiwa. Dawa yenyewe iko hospitalini, huchomwa chini ya uangalizi kwa kuwa inaweza kuleta mzio mkali, na si kila zahanati inayo. Kwa hiyo kabla ya kwenda napiga simu kuuliza ipo wapi wiki hiyo. Simu ya dakika mbili.

Mtihani halisi ulikuja kwa sababu ya bundi. Bundi wa Sokoke ni mdogo, sentimita 16 hivi, na nje ya hapa anajulikana sehemu chache sana, kama miteremko ya Usambara Mashariki kule Tanzania. Mchana hulala wawili wawili kwenye matawi ya chini, ndani ya vile vichaka vya udongo mwekundu. Yaani ukitaka kumwona mchana, unatoka kwenye kijia. Kanuni yangu kuu ilikuwa kutotoka kwenye kijia.

Nilimwambia mzee siendi. Hakunishawishi. Aliingia peke yake, tukamsikia akigonga kwa fimbo na kukanyaga, kimya kirefu, kisha akarudi na kusema amewaona na amesafisha njia ya kufika. "Kanyaga nilipokanyaga, mwanangu. Usishike tawi usilolitazama." Nikaingia. Nilitazama kila wayo wake ulipoinuka na kuweka wangu papo hapo, mikono nimeikunja kifuani kwa sababu kwenye kichaka ni mikono inayosahaulika. Tulipofika akanigusa bega nisimame ndipo niinue macho. Walikuwa wameketi wameegemeana, mmoja wa kijivu, mwingine wa rangi ya kutu, chini kiasi kwamba ningeweza kuwafikia. Walifungua jicho nusu, wakatuona si kitu, wakafumba.

Wakati wa kutoka ndipo nilipogundua kwamba kitu kilichomtia mzee wasiwasi muda wote ule hakikuwa nyoka. Alikuwa akisikiliza ndovu. Msitu huu una ndovu wengi, na kinyesi kibichi kilikuwa kwenye kijia tulichoingilia. "Nyoka nitamzunguka," alisema. "Ndovu akinitaka, atanizungusha yeye."

Sasa tunakwenda mara kwa mara, asubuhi, na saa tisa alasiri tumeshatoka. Nimejua kusikiliza ndege wadogo: wakikusanyika mahali pamoja wakipiga kelele kwenye tawi, pana nyoka au bundi, na unapita mbali mpaka ujue ni nani. Nimejua pia kukanyaga kwa kishindo kabla ya kwenda haja kichakani, jambo ambalo vitabu vya kuongoza wageni vinaona haya kuliandika.

Kilichobaki ni matembezi ya usiku. Mtoto anataka kusikia bundi wakiitana, na mzee yuko tayari. Nimewaambia kwamba kifutu huwinda usiku, na tochi zetu za simu hazifai kitu. Mzee amesema ana tochi kubwa ya kichwani. Nimemwambia alete tatu, kisha tuzungumze.