Sindano Ilikuwa Mpya, Jagi Ndilo la Zamani

Mimi na sindano hatupatani, kwa hiyo siku ya kwenda kuchora tatoo Sinza nilijipanga. Nikamwambia fundi pakiti ya sindano aifungue mbele ya macho yangu. Akafungua. Nikataka avae glovu mpya. Akavaa, huku anacheka: "Dada, kwani wewe bwana afya?" Ukimwi na homa ya ini, hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu.

Nilitaka waridi chini kidogo ya kiwiko, kwa ajili ya bibi yangu ambaye alikuwa akiyapanda kwenye makopo ya rangi. Mistari ikapigwa kwa wino mweusi mtupu. Ilipofika zamu ya kivuli, fundi akadondosha wino kwenye kikofia cha plastiki, akainua jagi la bluu lililokuwa kando ya sinki, akatia maji kidogo na kukoroga kwa kijiti cha meno. Kikatoka kijivu kama moshi wa ubani. Nikamsifia kabisa.

Wiki ya tatu vikaja vipele. Vyekundu, vigumu ukivigusa, vinawasha. Cha ajabu vilikaa kwenye kijivu tu. Mistari myeusi ilikuwa imeshapona zake. Mama akasema ndiyo malipo ya kuuchezea mwili. Duka la dawa wakanipa amoksilini ya siku saba: wapi! Nikarudi, nikapewa krimu ya steroidi. Wekundu ukapungua siku mbili, halafu vipele vikarudi na usaha. Nilikuja kuambiwa kwamba krimu ile inaulaza ulinzi wa ngozi huku wadudu wanaendelea na shughuli zao.

Daktari wa ngozi hakuniuliza habari za sindano hata kidogo. Alisogeza taa, akatazama, akasema, "Binti, hiki kijivu kilichanganywa na nini?"

"Maji, dokta."

"Maji gani?"

Hapo ndipo nilipoliona tena lile jagi.

Akakata kinyama kama punje ya mchele, kikapelekwa maabara, nikasubiri wiki kadhaa. Majibu: bakteria jamii ya maikobakteria, ndugu wa wale wa kifua kikuu na ukoma. Hawa wa kwangu makazi yao ni maji ya kawaida, kwenye mabomba na matangi, na klorini haiwatishi sana. Ukiwanywa, kwa mtu mzima wa afya hawana neno. Ukiwachoma chini ya ngozi mara maelfu, umewapandia shamba. Maji ya kunywa ya chupa nayo yasikudanganye: usafi wa kunywa si usafi wa kuingia kwenye ngozi.

Usiku ule sikulala, nilikuwa nasoma. Kule Rochester, jimbo la New York, mwaka 2011, watu 19 waliugua vipele kama vyangu, wote wateja wa fundi mmoja, wote wamechorwa kwa kijivu. Na yule hakuwa na jagi! Wino wake ulinunuliwa ukiwa tayari umechanganywa, na uchafu ulikuwa umeingia kabla haujamfikia. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba walipima wino 75 za tatoo na za vipodozi vya kudumu, vile vya kuchora nyusi. 26 zilikutwa na bakteria, na baadhi lebo zake zilidai hazina kimelea chochote. Dada zangu wa nyusi, mmesikia.

Nimekunywa klarithromaisini asubuhi na jioni kwa miezi. Mdomo unakuwa mchungu kama umelamba sarafu, hata chai ya tangawizi haisaidii.

Juzi nilirudi kwa fundi. Sikwenda kugombana, nilimwonyesha mkono tu. Aliushika muda mrefu. Kisha akaniuliza maji ya sindano, yale ya vichupa vidogo, yanauzwa duka gani, akayaandika kwenye simu. Jagi sikuliona.

Nikiwa mlangoni akaniita: "Dada, lakini petali mbili hazijaisha. Lini nikumalizie?"

Nimemwambia aniache kwanza nimalize vidonge.