Nilivyoiacha Prado

Gari kubwa sikulinunua kwa maringo. Natanguliza hilo kwa sababu mtu akisikia mwanamke mwenye duka la vitambaa Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla Kampala, ameendesha Prado nyeusi miaka mitano na ushee, anaona tayari anajua alichokitaka: kuonekana. Mimi nililinunua kwa woga, na kuuondoa ule woga kulinichukua muda kuliko kuliuza gari lenyewe.

Mwezi wa nane 2016 nilikuwa natoka Busia kufuata mzigo, naendesha Starlet yangu ya zamani. Saa mbili usiku, kati ya Bugiri na Iganga, nikakuta lori bovu limeachwa nusu ndani ya barabara. Halikuwa na taa, na hata yale matawi ambayo madereva wetu hukata na kuyatandaza nyuma ya gari bovu hayakuwepo. Nilikata usukani kulia. Starlet ikapiga kona ya bodi la lori kwa ubavu wa kushoto, ikazunguka, ikaishia kwenye mahindi ya watu. Mimi nilivunjika mkono na mbavu mbili. Siti ya kushoto, ambayo kwa kawaida ndiyo ya binti yangu, ilisukumwa ikabanana na siti ya nyuma. Siku ile alikuwa amebaki Busia kwa bibi yake kwa sababu ya homa. Homa tu.

Kaka yangu alikuja kunitazama hospitalini akaniambia, "Dada, barabara hii ukitaka kubaki hai, panda kitu kizito." Mwaka uliofuata nikakopa kwenye SACCO, nikanunua Prado ya siti saba. Kaka hakunidanganya. Magari mawili yakigongana, lile jepesi ndilo linalotupwa, na waliomo ndani yake ndio wanaoumia zaidi. Starlet haifiki hata tani moja. Prado inapita tani mbili. Nilipoketi mara ya kwanza kule juu, nikaona mapaa ya taksi na vichwa vya bodaboda chini yangu, nililia. Nilihisi kama watoto wangu nimewaweka juu ya dari, mafuriko hayatawafikia.

Tunaishi Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala. Kutoka lami hadi getini kwetu kuna kinjia cha murramu, ukuta upande mmoja na mtaro upande wa pili. Kwa Starlet, mimi na bodaboda tulipishana bila mtu kusimama. Kwa Prado kinjia chote kilikuwa changu. Anayetembea alijibana ukutani, mama mwenye karai kichwani alirudi nyuma hadi kona, boda yenye watoto watatu wa shule iliteremshwa ukingo wa mtaro na kusubiri. Walinipungia mkono, nami nikawapungia. Niliona ni ujirani mwema. Miaka mitano sikujiuliza kwa nini kila siku ni wao wanaopisha.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya Septemba 2022. Nimewasha gari nje ya geti, nimetazama vioo, nimetazama mbele, njia nyeupe. Nikaachia breki. Kabla gari halijajisogeza, kijana anayekaanga rolex, zile chapati za kuviringishwa na mayai, pale kwenye kona akapiga boneti kwa kiganja, kishindo kama cha bati, huku anapiga kelele, "Nnyabo, yimirira!" Mama, simama! Nikakanyaga breki. Sikuona kitu. Kijana akainama mbele ya bampa, na alipoinuka alikuwa ameshika mtoto wa jirani, wa kama miaka mitatu, mkononi ana mbegu za fenesi. Alikuwa amechuchumaa pale anaziokota.

Mtoto hakulia. Alikuwa akizihesabu mbegu zake. Mama yake alikuja mbio, akamchukua, akanitazama tu, asiseme neno. Kwenye boneti nyeusi kulibaki alama ya kiganja cha unga wa ngano, vidole vyote vitano, wazi kabisa. Sikuifuta. Nilienda nayo mjini Jumatatu na Jumanne, kila nikitazama mbele naiona, hadi mvua ya Jumatano ikaiosha.

Jumapili ile, baada ya ibada, nilimwita mwanangu wa kiume tufanye kipimo. Tulichukua jerikani la lita 20, lile la njano, tukaliweka mbele ya bampa. Mimi nikaketi kwenye usukani, yeye akawa analisogeza mbele hatua kwa hatua mpaka nione ncha ya mshikio wake. Hatua nne na nusu. Ndani ya hatua nne na nusu mbele yangu, chochote chenye kimo cha jerikani hakipo duniani. Tukarudia kwa Vitz ya kaka yangu, gari dogo: hatua mbili. Mwanangu akachora mstari wa chaki palipoishia kila gari, akasimama katikati ya mistari miwili, akaniuliza, "Sasa mama, hapa nikikaa unaniona?" Nikamwambia akisimama namwona. Akachuchumaa.

Baadaye nilisoma kwamba taasisi ya bima ya Marekani, IIHS, ilitoa utafiti mwaka 2023 kuhusu magari yaliyowagonga watembea kwa miguu. Magari yenye boneti inayozidi inchi 40, yaani kama mita moja kutoka chini, yalielekea kuua kwa karibu asilimia 45 zaidi ya yale yenye boneti ya inchi 30 kushuka chini na pua iliyolala. Sababu yake hata mtu asiyesoma anaielewa. Gari la boneti ya chini humpiga mtu mzima miguuni akaangukia boneti. Gari la boneti ya juu humpiga kifuani, na mtoto humpiga kichwani, kisha humlaza chini. Boneti yangu mimi ilinifika kifuani. Na hapa kwetu Uganda ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu zaidi ya watu 5,000 waliokufa barabarani, na wengi wao ni wa bodaboda na waendao kwa miguu. Hao ndio waliokuwa wakijibana ukutani nikipita. Ajali ile ya Bugiri sikuwa nimeifuta. Nilikuwa nimeihamisha, nimemwekea mtoto wa jirani.

Hata hivyo sikuliuza siku hiyo. Mtu aliyekwisha kunusurika haachi ngao yake kwa sababu ya jerikani. Nilianza kujitetea: je, mizigo? Je, barabara ya kijijini? Je, wazazi wakiugua? Basi nikanunua daftari, kwa wiki sita nikaandika kila siku nimebeba nani na nini. Siku za kazi zilikuwa 36. Siku 29 nilikuwa peke yangu na mkoba. Siku tano nilikuwa na watoto. Marobota ya vitambaa, niliyokuwa nayataja kila mtu akiniuliza, hayakuingia Prado hata mara moja. Yanakuja kwa lori mpaka mjini, na ndani ya Kikuubo wapagazi huyabeba mgongoni kwa sababu hakuna gari linalopita. Barabara mbaya ya kweli nilipita mara mbili, tukienda mazishi. Na mafuta: mwaka ule petroli ilipanda ikapita shilingi 6,000 kwa lita, na katika jamu ya Jinja Road gari langu lilikunywa lita moja kwa kilomita sita na nusu hivi. Nilikuwa navuta tani mbili za chuma ili kufikisha mkoba dukani.

Nasema ubinafsi? Kwangu mimi, ndiyo. Ule wa mwanzo, wa mwaka 2017, siulaumu; mama aliyeiona ile siti angefanya vile vile. Ubinafsi ni kuendelea baada ya kuona mistari miwili ya chaki.

Kuuza kulikuwa na uzito ambao sikuutarajia, nao haukuwa wa bei. Dalali aliniuliza mara tatu kama nina shida. Mjomba wangu alipiga simu kutoka Busia: "Mwanangu, biashara imekufa?" Wifi yangu, ambaye kila kwanjula ya ukoo, sherehe ya kumtambulisha mchumba, huazima Prado iongoze msafara, alinuna wazi. Lililoniuma zaidi ni la dukani. Mwenye mali mmoja ambaye hunikopesha marobota kwa siku 30 alisikia nimeuza, mzigo uliofuata akataka pesa taslimu. Miaka yote nilidhani ananiamini mimi, kumbe alikuwa anaiamini Prado. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wengi wanaendelea kubeba magari wasiyoyahitaji. Si wote wana kiburi, wengine gari ndilo dhamana yao mbele za watu. Sikubishana naye. Nililipa mizigo miwili kwa taslimu, wa tatu nikalipa kabla ya siku, nikamwonyesha daftari la SACCO, mkopo nimeumaliza. Siku 30 zikarudi. Ilinichukua miezi minne ya kubana kila shilingi, na anayefikiria kufuata njia yangu ajue kuna miezi hiyo.

Prado ilinunuliwa na mzee anayebeba wagonjwa na wakunga huko milimani Bundibugyo. Alilala chini ya gari nusu saa nzima akikagua difu na shokomzoba, akatoka na vumbi usoni amefurahi. Kwake halizidi mahitaji hata sentimita moja, na sitaki mtu asome haya akaenda kumnyooshea mzee kama yule kidole.

Mimi nilichukua Fielder ya injini ya lita moja na nusu. Kwenye bondi moja, yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa nje, Nakawa, nilifundishwa jambo ambalo sikulijua: Japani gari likizidi upana wa mita 1.7 linaingia daraja jingine la usajili, ndiyo maana Fielder, Vitz na nyingi tunazoziona mjini hazivuki hapo, nyingi zina upana wa sentimita 169 na nusu. Prado yangu ilikaribia mita 1.9. Ni tofauti ya shubiri moja tu, lakini kwenye kinjia chetu ndiyo shubiri ambayo boda hupita.

Mashimo? Nililiuza Februari 2023, na Aprili yake watu wa Kampala wakajaza mitandao picha za mashimo ya barabarani, wakaita maonyesho ya mashimo. Kaka yangu alinitumia zaidi ya kumi, kila moja na neno, "Unaona sasa?" Niliona. Fielder imegonga tumbo mara mbili, nimebadilisha bushi, na fundi ameniwekea speisa kwenye springi ikainuka kidogo. Inatosha, nikienda polepole. Lakini niliona na jingine: ndani ya Prado mashimo yale yale nilikuwa siyasikii. Nilipita juu yake miaka mitano bila kulalamika kwa diwani hata mara moja. Sasa namjua kwa jina, naye ananijua kwa sauti. Viongozi wetu wangepewa Vitz mwaka mmoja, lami ingeonekana.

Woga ndio ulihitaji mpango. Kwanza, siendeshi barabara ya Busia usiku, hata mzigo uwe wa nani. Ikifika saa kumi alasiri sijaondoka, nalala kwa mama. Pili, safari nyingi za Busia nimehamishia basi la asubuhi. Nasinzia, nafika, napokea mzigo, narudi. Tatu, pesa ya mafuta ninayookoa, ambayo ni karibu nusu ya ile ya zamani, kwanza inanunua tairi nzuri na breki, kisha mengine. Nne, Desemba tukienda kijijini wote, mimi na dada yangu tunakodi Noah na dereva wake kwa siku mbili. Tunachangia. Mama alikataa kuingia Fielder mwaka mzima, akisema nimerudia Starlet. Sikumlazimisha, naye aliona siti ile. Pasaka iliyopita alifungua mlango mwenyewe, akafunga mkanda, akaubana mkoba wake kifuani, hatukuzungumza mpaka Mabira, tuliponunua gonja, ndizi za kuchoma.

Kinjiani boda ya watoto wa shule haiteremki tena ukingoni. Tunapishana, wao wakivuta magoti ndani, mimi nikiwa nimekunja kioo cha pembeni. Kijana wa rolex bado yupo pale, na kila asubuhi kabla sijaachia breki natazama kwanza mkono wake. Na bado nikiona taa za lori zinakua kwenye kioo cha nyuma, jasho linanitoka viganjani. Nawasha indiketa, nateremka pembeni, linapita, nafuta mikono kwenye leso, narudi barabarani.