Kibla dirishani

Kutoka San Diego hadi Hilo, Hawaii, ni siku tano za bahari. Ndege huchukua saa sita, na jamaa zangu wawili watatu walinikumbusha hilo kila waliponipigia simu. Sikuwabishia. Visiwa nitaviona inshallah, lakini nilichokilipia hasa ni hizo siku tano: kuamka asubuhi, maji pande zote, na hapana mtu anayeningoja.

Nimelipa karibu bei ya watu wawili. Anayesafiri peke yake hutozwa hata kitanda asichokilalia. Basi changu cha pili nimekitandika leso, na juu yake nimeweka msahafu, miwani na kikapu cha kushonea.

Nikishasali alfajiri huvaa sweta nikatoka kutembea. Kuna sitaha ya mbao inayozunguka meli nzima, na saa hiyo bado imelowa. Siku mbili za mwanzo baridi ilikuwa kali, kwa sababu pwani ya California hupitiwa na mkondo wa maji unaoteremka kutoka kaskazini, na bahari yake ina rangi ya jivu. Siku ya tatu nilitoka na sweta langu kama kawaida, nikalivua kabla sijamaliza mzunguko wa kwanza. Maji yalikuwa yamegeuka nili. Upepo ulitupiga kwa nyuma, kutoka kaskazini mashariki, laini na wa kudumu, na ngozi yangu iliutambua kabla ya akili. Huu ni kaskazi! Mabaharia wa bahari hii wana jina lao kwa upepo huu, lakini mimi ni mtoto wa Mombasa na mwezi ni Januari. Nikasimama kwenye ukingo nikauacha unipepee buibui. Chini yangu kundi la panzi, wale samaki wa kuruka, likachomoka ubavuni mwa meli, likapaa juu ya maji masafa ya kutosha mtu kuhesabu hadi kumi, kisha likazama lote kwa pamoja.

Baada ya staftahi hukaa upande wa omo, kwenye ukumbi wenye vioo, nikashona kofia ya mpwa wangu. Ni kofia ya mkono, ya vitobo. Kila kitobo hutobolewa kwa msumari mdogo, kisha huzungushiwa uzi mpaka kikazwe pande zote, na kikiachwa legelege kofia nzima huharibika ikifuliwa. Meli ikiyumba nangoja, sindano ikiwa hewani, itulie, ndipo nachoma. Wazee wa Kimarekani hupita wakauliza, nami huwaonyesha. Mama mmoja, mjane, amekaa nami siku mbili mfululizo na ufumaji wake, na hatujasemezana maneno hamsini. Nimempenda kwa hilo. Chai nimemfundisha mhudumu: maziwa yachemke kwanza. Iliki ninayo mwenyewe, kwenye kichupa.

Adhuhuri nahodha hutangaza tulipo, mwendo wetu, na kina cha maji chini yetu. Akitaja mita zaidi ya elfu nne ukumbi wote hunyamaza kidogo. Mimi huandika kwenye daftari. Chumbani runinga ina chaneli ya ramani inayoonyesha meli na namba zake, na hiyo ndiyo ninayoitumia kutafuta kibla, maana dira ya simu ndani ya chuma chote hiki siiamini.

San Diego tunasali kuelekea kaskazini, kidogo mashariki. Wageni hushangaa, hudhani ni mashariki moja kwa moja, lakini dunia ni mviringo na njia fupi ya Makka hupita juu. Hawaii ni kaskazini pia, ila kidogo magharibi. Basi nilijua kuwa mahali fulani katikati ya safari kibla kitakuwa kaskazini kamili. Nilipiga hesabu nyumbani kabla sijafunga sanduku. Makka iko longitudo 39.8 mashariki. Upande wa pili wa dunia, mstari huohuo ni 140.2 magharibi.

Na Mombasa je? 39.7. Ndiyo maana kwetu tunasali kaskazini, bila kupinda huku wala huku.

Kijana anayesafisha chumba changu ni Mwislamu kutoka Surabaya, Indonesia. Siku ya kwanza aliona mswala sakafuni akanisalimia salamu kamili, na tangu hapo ananiita Ibu, nami namwita mwanangu. Tumegundua kuwa yeye husema sabun na mimi sabuni, yeye kertas na mimi karatasi. Nilipomwambia kuhusu huo mstari aliweka taulo chini. “Kiblat?” akauliza, akanyoosha mkono dirishani. Chumba changu kiko upande wa kulia na meli inaelekea magharibi. Naam, dirishani.

Kuna jambo la saa pia. Miaka 26 niliyoishi Marekani, saa yangu ya mkono haijabadilishwa. Inasoma Mombasa, ili nijue wakati wa kumpigia mamangu, na alipofariki niliiacha vivyo hivyo kwa ajili ya dadangu. Miaka hiyo yote nilifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku na mchana, nikisali kwenye stoo ya mashuka, na kila nilipotazama mkono nilikuwa na hesabu ya kufanya. Usiku wa pili baharini tuliwekewa kadi juu ya mto wa kulalia: rudisheni saa nyuma saa moja. Nilirudisha ya ukutani. Asubuhi nikatazama ya mkononi, na mishale ilikuwa sawasawa. Tofauti yetu na Mombasa imekuwa saa kumi na mbili kamili, mchana kwa usiku.

Siku ya tatu sikwenda popote tangu alasiri. Niliketi mbele ya ramani. Longitudo 139 na dakika 40, maana kila digrii hugawanywa dakika sitini. 139 na dakika 55. Jua la huku huzama mapema mwezi huu. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi lilikuwa limeshatua, namba ikasoma 140 na dakika 9, nikainuka. Nilitandika mswala kuelekea kioo. Mbele yangu kulikuwa na maji yenye giza, na huko mbali nisikoona, kona ya Kanada inayopakana na Alaska, kisha ncha ya dunia, kisha Urusi, Uturuki, Shamu, na Makka. Mstari huo ukipita Makka ukaendelea kusini, unatua Mombasa. Nilisali magharibi rakaa tatu, nikaiunganisha na isha, rakaa mbili za msafiri. Sikuwa na zamu ya kukimbilia. Nilikaa kwenye mswala mpaka miguu ikafa ganzi.

Kisha nikampigia dadangu.

“Ni saa ngapi huko?” nikamuuliza.

“Kumi na mbili na robo. Nimeshasali, nakaanga mahamri.”

“Na kwangu kumi na mbili na robo.”

Akanyamaza. Nilisikia mafuta yakichemka. “Yako ya jioni?”

“Ya jioni.”

“Na waniambia uko peke yako huko katikati ya maji. Hakuna baridi?”

“Hakuna. Kuna kaskazi.”

“Hata huku,” akasema. “Tangu jana wavuma, nimefunga madirisha yote.”