Mizani ya bei chee imenitia adabu
Jamani mimi na ubahili wangu. Huku Texas boksi la risasi 20 za bunduki ya .308 limepanda bei mpaka nikasema basi, ntajaza upya maganda ya risasi zilizokwisha pigwa mwenyewe, nikanunua presi iliyotumika (mashine ya kukandamiza risasi kwenye ganda), ile ya ganda moja moja, chuma kizito, haijanisumbua hata siku moja. Shida ikawa mizani ya kupimia baruti, nikachukua ya dijitali ya bei chee, nikaweka kichwa cha risasi cha greni 150 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) mara ikasoma 150, nakitoa nakirudisha kilekile, 151.4! Sasa na baruti si ntalipua bunduki usoni? Mzee jirani kaniazima yake ya kizamani ya mkono wa kusawazisha, polepole ila haidanganyi. Kitabu cha vipimo vya baruti tu ndo nimenunua kipya. Wife kauliza nimeokoa dola ngapi, nikajifanya nahesabu maganda 😅