Nilivyookoa bimu ya baraza ya mama baada ya nondo kuliwa na kutu

Nyumba ya mama iko Tanga, Raskazone, usiku ukitulia bahari unaisikia. Mzee aliijenga miaka ya 90 kidogo kidogo kadri hela ilivyopatikana, na mchanga wa zege, kwa maneno ya mama mwenyewe, ulizolewa ufukweni na mkokoteni kwa sababu ulikuwa wa bure. Hilo nimekuja kulijua juzijuzi tu, kipindi chote nilikuwa nalaumu hewa ya bahari.

2019 kipande cha plasta ukubwa wa sahani kilidondoka kutoka chini ya bimu (boriti ya zege) ya baraza, kikamkosa kuku. Nikaita fundi wa pale mtaani, akaangalia akasema kaka hii ndogo sana, tunakwangua, tunapaka redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu), tunapiga plasta tumemaliza. Nikakubali fasta maana nilikuwa na tiketi ya basi la kurudi Dar kesho yake asubuhi. Sikuuliza chochote. Kufika jioni bimu inang'aa, mama kafurahi, mimi naonekana mtoto wa maana.

Mwaka wa tatu mama ananitumia picha WhatsApp. Kile kiraka chenyewe kipo salama kabisa, ila kulia na kushoto kwake kumepasuka, ufa umefuata urefu wa nondo kama mtu kapiga mstari na rula, shilingi mia inaingia. Ndo nikampigia jamaa yangu niliyesoma naye, yeye ni injinia wa majengo, akakubali kuja wikiendi kwa nauli na samaki.

Kitu cha kwanza alichofanya hakugusa bimu, aliangalia juu. Juu ya slabu (dari la zege) ya baraza tulikuwa tumeweka tenki la maji la lita 1000, likijaa hiyo ni tani nzima imekaa juu ya bimu mbovu, na bomba la kufurikia lilikuwa linachuruzika humohumo kwenye slabu miaka nenda rudi. Akasema tenki lishuke leo leo kabla hata ya chai. Mama alinuna, maana hilo tenki ndo fahari yake, ila likashuka.

Alafu akachukua nyundo ndogo akaanza kugonga bimu yote hatua kwa hatua. Pazima panalia kavu, kaa! Palipoachia panalia kama debe tupu. Tukawa tunachora kwa chaki. Mimi nilidhani tatizo ni mita moja, chaki ikazunguka karibu bimu nzima ya mita 3.6 na ikashuka kwenye nguzo moja karibu nusu mita. Akapulizia na dawa fulani ambayo zege likiwa bado zima kikemia inageuka pinki. Ikatoka pinki safi kabisa! Nikasema basi afadhali, akacheka, akaniambia hii inakuonyesha kama hewa imeshaua ule ukali wa saruji, chumvi ni habari nyingine, chumvi inakula nondo ndani ya zege la pinki hivohivo.

Na akanieleza kwa nini kiraka cha 2019 kilipona majirani wakafa. Kutu inafanya kazi kama betri. Ile sehemu iliyokuwa inaoza ndo ilikuwa inajitoa kafara, ikizikinga sehemu za pembeni, sasa sisi tukaja tukaiponya yenyewe tu na zege la pembeni limejaa chumvi vilevile, basi zamu ikahamia kwa jirani. Na kutu ikishaanza inavimba, inachukua nafasi mara mbili mpaka mara sita ya chuma kilicholiwa, zege halina pa kwenda, linapasuka, ufa unaingiza maji na chumvi zaidi. Kumbe plasta yangu ilikuwa ni kumfunika mgonjwa shuka.

Kubomoa sasa. Kabla ya tindo hata moja tukasimamisha mirunda chini ya slabu pande zote mbili za bimu, na mbao ndefu juu yake, na kabari chini zikagongwa mpaka mirunda imebana, imesimama juu ya vipande vya mbao nene isizame kwenye udongo. Fundi niliyempata safari hii (kijana, mtaratibu, anauliza maswali) alitaka abomoe mpaka nondo ionekane basi. Hapana, inatakiwa upite nyuma ya nondo, nafasi ya vidole kuzunguka, kama sentimita mbili na nusu hivi, vinginevyo mgongo wa nondo unabaki umekaa kwenye zege lenye chumvi na umefanya kazi bure. Hiyo ilitula siku tatu kwa tindo na nyundo, vumbi mpaka kwenye sufuria za mama.

Tulichokikuta: chini kuna nondo tatu za milimita 12. Mbili tulipozisugua tukapima zikasoma 9.5 sehemu mbaya. Mimi nikaona mbona imepungua kidogo tu, jamaa akapiga hesabu kwenye simu, eneo la nondo ya 12 ni milimita mraba 113, ya 9.5 ni kama 71, yaani zaidi ya theluthi ya nguvu imeondoka. Ya tatu ilikuwa na kiuno kama penseli. Ringi za milimita 6 (vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo) kadhaa zilikatika mkononi, unashika tu inabaki unga. Kwa maelezo yake ikishapotea robo ya eneo usijadiliane, ongeza nondo.

Hapo ikazuka hoja ya kuchomelea. Jirani ana mashine ya welding, akajitolea kabisa, anasema anaunga kipande kipya na cha zamani dakika kumi. Jamaa akakataa, nondo zile za zamani zilizosokotwa hujui zina kaboni kiasi gani, ukizipiga moto zinaweza kuwa ngumu kama kioo zikakatika palepale kwenye kiungo bila kutoa dalili. Tukaenda na njia ya kulaza, nondo mpya pembeni ya ya zamani zinafungwa kwa waya. Kanuni aliyonipa ni unene mara 50, kwa hiyo nondo ya 12 zinapishana sentimita 60, na unahesabu kuanzia kwenye chuma kizima, hesabu isianzie kwenye kutu. Ila kwa bimu yetu hata hiyo tuliitumia kwa ile moja tu iliyoliwa upande mmoja peke yake, tena karibu na nguzo, maana katikati ndo bimu inavutwa zaidi na kuunga pale ni kutafuta balaa. Kwa mbili mbovu zaidi tuliweka nondo mpya kutoka nguzo mpaka nguzo, tukatoboa nguzo kwa drili, tukapuliza vumbi la matundu kwa pampu ya baiskeli (jirani wa welding ndo aliyeleta pampu, alitaka lazima ashiriki), tukajaza gundi ya epoksi, tukazichomeka. Kwenye nguzo iliyopasuka mchezo ulikuwa uleule, ila pale nondo zilikuwa bado nene, zilihitaji kusafishwa tu.

Dukani nako kuna mchezo. Nondo ya 12 ya mita 12 inatakiwa iwe na karibu kilo 10.7, na zipo zinazouzwa kama 12 lakini ukipima ni nyembamba. Nilienda na venia yangu (kifaa cha kupimia unene), muuzaji akanikunjia uso lakini akanipa nzuri.

Nondo za zamani zilizobaki tulizisugua kwa brashi ya waya ya kufunga kwenye grainda mpaka zikang'aa, alafu tukaosha kila kitu kwa maji ya bomba, mara mbili mbili, siku mbili. Ya kisima hapana, kisima cha pale kina magadi. Safari hii hakuna redoksaidi, nondo ikipakwa rangi hovyo zege linateleza, tukapaka uji mzito wa saruji muda mfupi kabla ya kumwaga.

Kumwaga zege chini ya slabu nako ni kazi, maana juu kumeshazibwa. Tulipiga boksi la mbao tukaliacha na mdomo upande mmoja, umeinuka juu kidogo kuliko zege la zamani ili lijae mpaka dari. Biskuti za sentimita 4 chini ya nondo, yaani vipande vidogo vya zege vya kuziinua zisiguse boksi. Kokoto ndogo, mchanga wa mtoni uliooshwa, mchanganyo saruji moja kwa mchanga moja na nusu kwa kokoto tatu, na maji fundi nilimpimia mwenyewe, lita 22 kwa mfuko wa kilo 50, alilalamika gumu nikamwambia ndo hivo hivo, tukagonga boksi kwa nyundo ya mpira mpaka mikono ikaisha nguvu. Mdomo uliobaki tukaukata kesho yake.

Magunia yaliyolowa siku kumi, mama alisimamia hilo kuliko injinia yeyote. Mirunda tuliiacha siku 28, wajukuu wakaigeuza goli.

Yote, na samaki, haikufika milioni na laki tano. Tenki sasa liko nyuma kwenye mnara wa vyuma, mama anadai presha ya bafuni imepungua. Ile nguzo nyingine, ambayo hatukuigusa, ina kaufa kama unywele, nimekapaka saruji nyembamba juu na kuandika tarehe kwa penseli, kila nikienda naenda kuangalia kama saruji imekatika. Mara ya mwisho ilikuwa bado, ila tindo sijazirudisha.