Kebo iliyokuwa inapanda na kushuka spidi, hatimaye nimemshika mchawi

Jamani mwenye tatizo kama langu asikimbilie kununua rauta, mimi nimeshanunua na haikusaidia kitu.

Niko Tanga, nahariri video za harusi nyumbani. Rauta iko sebuleni, kompyuta chumba cha nyuma, kebo ya mtandao inayoziunganisha inapita ukuta wa nje kama mita 25 hivi. Asubuhi kompyuta inasoma spidi ya 1000 (Mbps, kipimo cha spidi ya mtandao), ikifika saa saba jua likishapiga ule ukuta inashuka 100, usiku inarudi yenyewe, na kila ikibadilika mtandao unakata kidogo, faili la mteja linaanza upya!

Fundi wa kwanza akasema rauta imechoka, nikatoa laki na ushee, kesho yake saa saba hiyoo 100. Wa pili akasema niilazimishe kwenye setingi isome 1000 tu, nikafanya, ikawa mchana haiunganishi kabisa. Huo ushauri umeniudhi mpaka leo, maana waya ukiwa mbovu utaulazimisha nini?

Kumbe ndani ya kebo kuna nyaya nane, spidi ya 100 inatumia nne tu, ile ya 1000 inataka zote nane. Yaani ikishuka 100 badala ya kufa, angalia kwanza jozi ya bluu na ya kahawia, yaani nyaya namba 4, 5, 7 na 8.

Nikanunua testa, kile kifaa cha vipande viwili cha kupimia kebo, kila waya na taa yake, elfu kumi na kitu. Nikapima asubuhi, taa zote nane zikawaka vizuri, nikakaribia kukata tamaa. Halafu nikajiambia ugonjwa wa saa saba upimwe saa saba. Mwanangu nikamweka chumbani na kile kipande cha pili cha testa, mimi nje juani napapasa kebo taratibu, hatua kwa hatua. Nilipofika kwenye kona ya dirisha, pale ilipobanwa na klipu ya msumari, akapiga kelele, "Mama, taa ya saba imewaka!" Nikaachia. "Imezima!" Nikakunja tena, ikawaka. Nilifurahi nusura nilie.

Nikaikata palepale, ule waya namba saba, mweupe-kahawia, nikaukwangua kwa wembe. Juu mwekundu kama shaba, ndani mweupe kama sufuria. Alumini iliyopakwa shaba! Ndio maana ulikatikia pale ulipokunjwa.

Dukani nilikwenda na wembe wangu, nikamwambia kaka nikwangulie hapa nione, duka la kwanza alikataa nikatoka, la pili ikawa nyekundu mpaka ndani, Cat 5e (daraja la kebo) ya kawaida tu, inatosha. Nilikrimpu mwenyewe, yaani kubana vichwa vya kebo, ila nyaya usizifumue sana, acha zimejisokota mpaka karibu na kichwa, na pale dirishani usiibane, iache ilegee.

Hii wiki ya tatu. Jana saa nane jua kali nimetuma harusi nzima, GB 12, haikukata hata mara moja.