Mchele Ulioishia Njiani
Mwanzoni mwa 1998, mvua za El Niño zikiwa zimepamba moto, shangazi alinichukua nimsindikize kupeleka mchele Lupatingatinga, kaskazini ya Chunya. Ulikuwa mchele wa Kyela, umepangwa kwenye Isuzu iliyobeba pia bia, chumvi na watu. Tulipanda mlima wa Kawetere tukitetemeka ndani ya ukungu, tukateremkia kwenye joto: Chalangwa, Chunya, Makongolosi. Mbele ya hapo ni miyombo na matope tu.

Ile ni njia ya dhahabu ya zamani. Miaka ya 1930, dhahabu ya Lupa, yaani eneo hili la Chunya, ilipovuma Tanganyika nzima, mizigo ya wachimbaji ilikuwa ikishushwa stesheni ya Itigi na kuletwa huku kwa kupitia Rungwa. Mgodi wa Saza ulifungwa 1956. Wenye mitambo wakaondoka, wenye sururu wakabaki.

Tukakuta korongo limefurika. Dereva akazima injini: "Hapa ni kulala." Pembeni palikuwa na kitongoji, vibanda vichache vya udongo na mizinga ya nyuki mitini. Tangu barabara iharibike hakikupata chakula kutoka nje. Mzee mmoja wa Kikimbu akasogea.

"Mama, mchele unauza?"

"Shikamoo baba. Huu unakwenda Lupa."

"Marahaba. Kwani hapa si Lupa?"

Shangazi akacheka, na biashara ikaanzia hapo.

Pesa hawakuwa nazo. Mke wa yule mzee akaweka mbale, mawe yenye dhahabu, kwenye kinu cha chuma, akatwanga mpaka jiwe likawa unga. Mzee akauosha kwenye karai, akilizungusha taratibu, tope likimwagika ukingoni. Ukabaki mchanga mweusi, na nyuma yake mstari wa njano mwembamba kama ukucha wa mtoto. Akadondosha zebaki, akaisugua kwa kidole gumba, akaikamua kwenye kitambaa, kisha akaichoma kwenye kijiko juu ya makaa. Watoto tulikuwa tumemzunguka, pua zetu zote mle mle kwenye moshi wa zebaki, ambao ni sumu. Leo nikikumbuka nywele zinanisimama. Siku ile hakuna mtu mzima aliyetufukuza.

Mizani ilikuwa vifuniko viwili vya soda na uzi, na mawe yake ni njiti za kiberiti. Shangazi akatoa kiberiti chake. Mzee akashika njiti moja, akaibinya.

"Hizi zimenyeshewa, mama. Zina uzito. Tutumie zangu, zimekaa jikoni."

Shangazi, ambaye sokoni Mbeya hakuna aliyemweza kwa vipimo, akarudisha kiberiti mfukoni bila neno.

Wengine wakaja na dhahabu yao kwenye vijikaratasi. Korongo lilipopungua, magunia yalikuwa matupu. Isuzu ikaendelea na bia zake, sisi tukangoja gari la kurudi Makongolosi, dhahabu ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga, na shangazi kila saa ananivuta sikio kuniuliza kama kuna mtu nimemwambia.